Tetemeko la Kagera 2016: nini hasa kiliwainua watu wa Bukoba, na nani bado hajainuka?

#1 Mwanakibanja
Wakuu, salaam. Nina hoja, naomba tuijadili bila matusi.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, ardhi ilitikisika Kagera. Serikali ilitaja vifo 17. Waliojeruhiwa walikuwa mamia, na mitaa ya Hamugembe na Kashai iligeuka vifusi. Leo ukishuka Bukoba mjini unakuta nyumba zimesimama, mabati yanang'aa na soko limechangamka. Kila mtu anakwambia mji umepona.

Mimi nasema kilichopona ni kuta. Na hata hizo kuta, misaada iliyotangazwa kwenye televisheni haikuziinua. Ziliinuliwa na wenyewe, kwa mikopo, kwa kuuza vipande vya mashamba na kwa michango ya ndugu walioko Dar na Mwanza. Waliokosa ndugu wa kuchangisha, hao sijui tuwaweke fungu gani.

Mnaoufahamu mkoa, nini hasa kiliwainua watu? Na nani bado yuko chini?

#2 Kijana wa Kamachumu
Nimekaa siti ya mbele. Wakongwe wa Bukoba tiririkeni.

#3 Fundi Kashai
Mleta uzi, mimi ni fundi wa siku nyingi, nizungumzie kuta kwanza maana ndizo zilizoua.

Nyumba nyingi zilizolala zilikuwa za tofali zilizojengwa kwa udongo, saruji imepakwa kwa nje tu kama lipu. Hakuna mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha, pembe za kuta hazikufungwa. Ukuta wa namna hiyo unabeba bati miaka 40 bila shida kwa sababu mzigo unashuka chini. Ukiutikisa kwa pembeni, pembe zinaachana na kila ukuta unaanguka kivyake. Sehemu ya kwanza kushuka ni ile pembetatu ya juu inayopakana na paa, na ndiyo inayowaangukia waliolala au wanaokimbilia mlangoni.

Baada ya tetemeko tulipata kazi mpaka tukakataa nyingine. Swali ni tulijenga nini. Mwenye hela aliweka nondo, ringi na zege. Asiye na hela alikusanya tofali zilezile kwenye kifusi, akazisafisha, akapandisha upya kwa udongo uleule. Kwa hiyo ukisema kuta zimepona, mimi mwenyewe nina wasiwasi na nusu ya hizo kuta.

#4 Bahari Nyanza
Tuache kulalamika kila siku. Tetemeko la 6.2 lingepiga nchi nyingine tungezika maelfu. Nyumba 840 tu ndizo zilianguka, na Waziri Mkuu Majaliwa alifika kesho yake, akaaga marehemu pamoja na wananchi pale uwanja wa Kaitaba. Rais Magufuli alighairi safari ya Zambia ya kuapishwa kwa Rais Lungu. Shule zikajengwa, vituo vya afya vikajengwa. Mlitaka nini zaidi?

#5 Jiwe la Msingi
#4 mkuu, takwimu zako zina kasoro mbili.

Lilikuwa 5.9. Katika kipimo cha ukubwa wa matetemeko kila namba moja nzima ni tofauti ya nguvu takriban mara 32, kwa hiyo hizo nukta ulizoongeza si ndogo. Chanzo chake kilikuwa upande wa Missenyi karibu na mpaka wa Uganda, kina cha kama kilomita 40. Kina kile ndicho kilifanya litikise eneo pana: Mwanza walilisikia, Kampala na Kigali walilisikia, na Rakai upande wa Uganda nyumba zilianguka pia.

Pili, 840 ni hesabu ya mwanzo kabisa. Tathmini iliyofuata ilitaja nyumba zaidi ya 2,000 zilizoanguka na zaidi ya 14,000 zenye nyufa za hatari. Hao wa nyufa ndio uzi wenyewe, kwa sababu nyumba iliyoanguka inaonekana kwenye picha na mwenye nayo anahurumiwa. Mwenye ufa anaambiwa "wewe una nafuu", halafu anarudi kulala chini ya ukuta ule.

Na tusidhani ukanda wetu ni salama. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa 7.4. Bonde la Ufa la magharibi liko kazini muda wote.

#6 Kijana wa Kamachumu
Hahaha, Wahaya wasomi, nshomile bwana, hata tetemeko wanataka la kwao liwe kubwa kuliko la jirani.

#7 Nesi Mstaafu
Mleta uzi ameuliza kuhusu watu, tumekimbilia tofali. Niseme niliyoyaona nikiwa kazini.

Wiki za kwanza tulipokea mifupa iliyovunjika na vichwa vilivyopasuka. Zilipokwisha hizo wakaanza kuja watu wasio na jeraha. Mama analalamika moyo unakwenda mbio, ukimpima presha iko juu na hajawahi kuwa nayo. Kijana hajalala, akifumba macho kitanda kinayumba. Watoto waliokwisha kuacha kukojoa kitandani wakaanza upya. Watu wengi wakiapa kwamba ardhi inatikisika sasa hivi, na wewe umesimama palepale husikii kitu. Siku nyingine ilikuwa kweli, maana matetemeko madogo yaliendelea kufuatana. Ndiyo maana huwezi kumwambia mtu "ni mawazo yako".

Tatizo ni kwamba fomu ya tathmini ilikuwa na sehemu ya nyumba, mifugo na vyombo. Usingizi hauna safu kwenye fomu. Wahudumu wa Msalaba Mwekundu na viongozi wa dini walikaa na watu, wakawasikiliza, na hilo lilisaidia sana. Ila wengi wao waliondoka pamoja na mahema.

Wengi walitulia wenyewe baada ya miezi. Kuna kundi dogo halikutulia, na hilo halikufuatwa nyumbani.

#8 Mwanakibanja
#7 asante sana dada. Hayo ya usingizi ndiyo yaliyonifanya niandike. Mama yangu mpaka leo hafungi mlango wa chumbani kwa komeo. Anafunga kitenge kwenye kitasa, ncha ya pili anaifunga kwenye msumari ukutani, ili akivuta mara moja mlango ufunguke. Lori la mchanga likipita usiku barabarani, unasikia kitenge kimevutwa. Nyumba yake ina nondo, Fundi Kashai angeikagua angeipitisha.

#9 Mzee wa Ishozi
Vijana wangu, waitu, nimesoma wote. Mimi naona jambo mmeliruka.

Mkoa huu ulikuwa umeshazoea kubeba msiba kabla ya 2016. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yaliingia mpaka Kyaka, watu wakakimbia na vitanda vyao. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika hapa kwetu, na miaka iliyofuata tulizika mpaka babu na bibi wakabaki na wajukuu peke yao. Mei 1996 tukawapoteza watu wetu kwenye meli ya MV Bukoba iliyozama.

Katika miaka ile ya kuzika ndipo vyama vya kufa na kuzikana vilipokomaa. Kila kitongoji kina daftari lake, sufuria zake, turubai lake, na zamu za kuchota maji na kupasua kuni. Tetemeko lilipopiga hakuna aliyesubiri maelekezo. Turubai za msibani ndizo zilizolaza watoto usiku ule, na sufuria za msibani ndizo zilizopika ndizi za wote. Kama mnataka kujua kilichowainua watu, ni hilo daftari.

#10 Kijana wa Kamachumu
Shikamoo mzee. Hapo kwenye daftari umenikuna.

#11 Binti Hamugembe
Mzee shikamoo, na ninakuheshimu sana, ila chama cha kuzikana kinamjua mwenye kibanja, yaani mwenye nyumba na shamba lake la migomba. Sisi wapangaji wa Hamugembe nani alituandika?

Nilikuwa nimepanga vyumba viwili. Ukuta wa nyuma ulilala wote, kabati langu la vyombo likiwa chini yake. Mwenye nyumba akaandikwa kwenye orodha ya mtaa kama mhanga, sawa, nyumba ni yake. Mimi nikaambiwa niache namba ya simu. Turubai likatolewa kwa kaya yenye nyumba, na kaya yenyewe ilikuwa inaishi mtaa mwingine kabisa. Kodi niliyokuwa nimelipa mbele haikurudi. Mwenye nyumba alipomaliza kujenga, vyumba vikawa vizuri, vina vigae, na bei ikapanda nisikoweza kufika.

Kwa hiyo mtu akija na kamera leo anapiga picha nyumba nzuri, anaandika "Hamugembe imepona". Imepona kwa nani? Majirani zangu wa upangaji tulitawanyika, mmoja Muleba, mmoja Katoro, mwingine alirudi kwao Ngara. Tulikuwa tunaachiana watoto. Hicho hakuna fundi wa kukijenga.

#12 Mkereketwa
Hakuna aliyegusa suala la hela? Mwezi uleule wa tetemeko Rais alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa, kwa madai ya kufunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa, na suala likaenda mahakamani. Michango ilitoka kila kona. Kenya walileta mabati na mablanketi. Wabunge mashabiki wa Simba na Yanga walicheza mechi ya hisani pale Uwanja wa Taifa.

Halafu Januari 2017 wananchi wakaambiwa wazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba, fedha zitarudisha majengo ya umma. Mtu aliyekuwa chini ya turubai tangu Septemba, na unajua mvua za Bukoba zilivyo, alikuwa anangoja hiyo hela. Ukitaka kujua kilichoumiza nafsi za watu, ni kule kungoja. Tetemeko lilipita kwa sekunde chache tu.

#13 Mnyama Damu
Hiyo mechi ya wabunge naikumbuka. Mnyama alicheza soka la maana siku ile.

#14 Wananchi Milele
#13 tusianze. Mnyama hata kwenye maafa anatafuta pointi tatu.

#15 Jiwe la Msingi
Jamani, mechi ina jukwaa lake.

#12, kuhusu "Serikali haijengi nyumba", kuna njia ya katikati. Nepal baada ya tetemeko la Aprili 2015 kila mwenye nyumba iliyoanguka aliingizwa kwenye ruzuku ya rupia 300,000, inatolewa kwa awamu tatu. Awamu ya pili hupati mpaka mhandisi aje akague msingi wako, ya tatu mpaka aone kuta na mikanda yake. Mwenye nyumba anajenga mwenyewe, na kosa alilolisema Fundi Kashai la kurudisha tofali kwa udongo linazuiwa kabla halijapanda juu. Ilikuwa na ucheleweshaji mwingi na hela haikutosha nyumba nzima, lakini iliunganisha fedha na ujenzi bora. Kwetu mabati na saruji vilikwenda kwa baadhi ya wasiojiweza, na ukaguzi ukabaki hiari ya mtu.

#16 Bahari Nyanza
#15 Nepal ilipata wafadhili wa dunia nzima. Linganisha vinavyolingana. Sekondari ya Ihungo iliyobomoka vibaya imejengwa upya kwa msaada wa Uingereza na ni ya kisasa. Kituo cha afya Kabyaile kule Missenyi kipo. Shule moja inahudumia vizazi vingapi? Nyumba moja inahudumia familia moja. Mimi ningekuwa kiongozi ningefanya vilevile.

#17 Mwalimu wa Zamu
#16 mimi ni mwalimu na nafurahia kila darasa jipya. Ila nakuongezea upande ambao hauonekani kwenye jengo.

Wanafunzi waliofungiwa shule walihamishiwa shule nyingine katikati ya muhula. Kwetu tulipokea baadhi. Mkuu, kijana wa kidato cha sita anayekaa dawati la mlangoni kila siku, na ukimhamisha anaomba kutoka nje, huyo unamfundishaje? Siku moja upepo ulibamiza dirisha la stoo, darasa lote likatoka mbio, wawili wakapita dirishani na kujikata. Tukakubaliana walimu kufanya zoezi la kutoka darasani kwa utaratibu kila Ijumaa, mstari kwa mstari, mpaka uwanjani. Hatukuwa na mtaalamu yeyote wa saikolojia. Lakini walipojua la kufanya, wale waliokuwa wanatetemeka walitulia kuliko tulipokuwa tunawaambia "msiogope".

#18 Mtoro wa Mashariki
Natoa salamu kutoka Sendai, Japani, nasoma huku. Aliyoyasema Binti Hamugembe (#11) yamenigusa kwa sababu huku wameyaandika sana.

Baada ya tetemeko la Kobe la Januari 1995, wazee walipewa nyumba za muda kwa kipaumbele, wakatenganishwa na mitaa yao. Walikuwa na paa, na choo, na majirani wasiowajua. Baadhi walikutwa wamekufa peke yao vyumbani. Ikawa fedheha ya taifa.

Baada ya tsunami ya 2011, mji wa Iwanuma hapa jirani uliwahamisha watu kwa njia mbili. Wengine walikwenda kwa bahati nasibu, kila mtu anakopangwa. Wengine walihama kijiji kizima kwa pamoja. Watafiti walikuwa na taarifa za wazee wa mji ule tangu kabla ya maafa, wakalinganisha. Waliohama pamoja waliendelea kutembeleana na kushiriki shughuli za mtaa, wa bahati nasibu wakapungukiwa. Kwa hiyo dada, kule kuachiana watoto si jambo dogo hata kidogo.

#19 Fundi Kashai
#18 umetoa jibu la Kagera bila kujua. Mwenye kibanja hakuhamishwa na mtu. Nyumba ilianguka, yeye akapiga kibanda kati ya migomba yake, hatua chache kutoka makaburi ya wazazi wake. Chakula kiko mgombani, jirani ni yuleyule wa siku zote. Vijijini Bukoba na Missenyi watu walitulia mapema kuliko mjini, na mimi nasema ni kwa sababu hawakuondoka kwenye ardhi yao. Mjini ndiko kulikokuwa na wapangaji.

#20 Mama Kadutu
Jambo bandugu. Mimi niko Bukavu.

Huku kwetu tetemeko lilipiga siku ya Mungu, tarehe 3 Februari 2008 asubuhi, watu wako kanisani. Ngambo ya pili, Rusizi ya Rwanda, ndiko watu wengi walikufa, makanisa iliwaangukia. Sisi hapa tulilala inje wiki mingi. Halafu 2021 tukapokea wandugu wa Goma, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na wakaambiwa kutoka mji. Ardhi ilikuwa inatikisika mara kwa mara, wengine walienda Sake kwa miguu na watoto mugongoni.

Nataka kusema hivi. Mufundi anasema mutu akibaki kwa shamba yake anapona. Huku kwetu mutu anaweza kubaki kwa shamba na asipone, juu kisha tetemeko inakuja vita, kisha vita inakuja moshi ya volkano. Kupona kunaomba kwanza kitu kimalizike. Kagera mulipata bahati, ilipiga ikaenda.

#21 Mzee wa Ishozi
#20 pole sana mama. Maneno yako ni mazito.

#22 Omwana wa Kanyigo
Fundi Kashai unasifia kibanja, hujasema kibanja kililipa nini. Baba yangu mdogo alijenga upya kwa butura. Kahawa ikiwa bado maua mtini, mwenye hela anakupa fedha ya saruji, wakati wa mavuno anachukua mzigo kwa bei aliyoipanga yeye. Akafanya hivyo msimu wa kwanza, na wa pili akarudia kwa sababu wa kwanza ulikuwa umeliwa. Butura imepigwa marufuku, tunajua, na tunajua pia inavyofanyika usiku. Nyumba anayo, ina mkanda wa zege kama unavyotaka wewe. Watoto wake wawili walikaa nyumbani kwa kukosa nauli na mahitaji ya shule.

Sasa huyo tumweke wapi, aliyeinuka au aliyelala?

#23 Bahari Nyanza
#22 huyo alifanya uamuzi wake. Kuna VICOBA, kuna SACCOS, kuna ndugu. Asingekwenda butura.

#24 Omwana wa Kanyigo
#23 VICOBA ya kijiji kizima kilichoanguka siku moja, nani amkopeshe nani? Wanachama wote walitaka kutoa, hakuna wa kuweka. Ungekuwepo ungeona sanduku lilivyofunguliwa likagawanywa.

#25 Nesi Mstaafu
Mnisamehe narudi nyuma kidogo. Hakuna aliyegusa imani, na kule kwetu huwezi kuliruka hilo.

Tetemeko lilipiga siku mbili kabla ya Idi el-Hajj. Waislamu walisali Idi yao watu wamelala nje, na nyama ya udhia mwaka ule iligawiwa chini ya maturubai bila kuuliza nani ni nani. Parokia nazo zilisali nje kwa sababu makanisa yalikuwa na nyufa. Kwa wagonjwa wangu wengi zile ibada za uwanjani ndizo zilizowarudisha kulala.

Lakini kulikuwa pia na wahubiri waliosema ni adhabu ya dhambi za Kagera. Mama mmoja aliyefiwa na mtoto aliniuliza dhambi ipi ya mtoto wa chekechea. Aliacha kwenda kusali, na waliokuwa wakimtembelea wakaacha pia. Imani ileile iliyomwinua jirani yake ndiyo iliyomfungia yeye ndani.

#26 Kijana wa Kamachumu
Babu yangu anasema mababu walijenga msonge wa miti na nyasi, ukitikisika unayumba tu. Tatizo ni tofali za wazungu. Turudi kwenye msonge.

#27 Fundi Kashai
#26 babu ana hoja, kitu chepesi kinachonyumbulika hakiui. Lakini nyasi za kuezekea utazitoa wapi leo, na moto je? Nyumba ya tofali inaweza kuwa salama, gharama ya mkanda ni sehemu ndogo ya nyumba. Shida ni kwamba mwenye nyumba anaikata hiyo kwanza ili anunue mlango mzuri.

#28 Binti Hamugembe
Fundi, swali la vitendo. Ninapokaa sasa kuna ufa unaoanzia kona ya dirisha unapanda mshazari mpaka kwenye bati. Mwenye nyumba ameuziba kwa saruji na kupaka rangi, ila umerudi palepale. Nihame?

#29 Fundi Kashai
#28 ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha uliorudi baada ya kuzibwa unaonyesha ukuta bado unacheza. Fanya hivi: weka alama ya kalamu kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe, uone kama unapita alama. Funga uzi wenye jiwe juu ya ukuta uache uning'inie, uangalie kama ukuta umeinama kwa nje. Ukiwa umeinama usilale chumba kile hata leo, hamishia kitanda upande wa pili. Na kichwa kisiwe chini ya ile pembetatu.

#30 Jiwe la Msingi
#29 nakubali yote isipokuwa kuhamishia kitanda upande wa pili. Kama kuta za pembeni hazijafungwa pamoja, upande wa pili una hatari ileile. Bora mhandisi wa manispaa aione nyumba nzima.

#31 Binti Hamugembe
#30 mhandisi akija, mwenye nyumba atajua nimeshtaki, na kesho natafuta chumba kingine. Fundi, nimekutumia picha ya ufa kwenye ujumbe wa faragha pamoja na jina la mtaa. Ukipata nafasi wiki hii, pita kama mgeni wangu.

#32 Fundi Kashai
Nimeiona. Kesho mchana napita huko, nakuja na timazi.